Kasoko, Ghuba au Mto: Ufalme Wako wa Kubuni Uuweke Wapi?

Mfalme wako anaweza kufunga nini?

Hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza mtu anapoleta ramani ya ufalme aliobuni, uwe wa riwaya, wa katuni au wa ile michezo ya kuigiza mezani kwa dadu. Jina la nasaba, rangi ya bendera na idadi ya wake wa mfalme vinaweza kungoja. Nataka kujua hivi: mfalme akiamka na hasira, akatuma askari hamsini tu, watasimama wapi ili nchi nzima ijue kabla ya jua kutua? Kama ramani haina mahali hapo, aliyekalia kiti cha enzi bado ni mzee tajiri tu, na watu watamsikiliza wakipenda.

Kutoka Nakuru hadi Busia, nchini Kenya, ni mwendo wa kilomita 300 hivi za barabara. Ndani ya mwendo huo kuna nchi za aina tatu zinazojibu swali langu kwa njia tatu zisizofanana hata kidogo. Nitaziita Kasoko, Ghuba na Mto. Kasoko, yaani shimo la volkano, ni Nakuru na maziwa yake ya magadi. Ghuba ni Kisumu na maji ya Winam hadi visiwa vya Suba. Mto ni Nzoia, kutoka miteremko ya Mlima Elgon hadi Mumias na Budalangi. Sisemi uchukue miji hii uibadilishe majina kisha uongeze upanga. Chukua umbo la ardhi na sababu zilizowafanya watu waishi walivyoishi, halafu juu yake uweke mazimwi, majini na wachawi wako.

Neno kuhusu ukubwa, maana hapa ndipo wengi huharibu mapema. Msafara wa wapagazi wenye mizigo hukata kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Nakuru hadi Kisumu ni kilomita 180 na ushei kwa barabara ya leo, kwa hiyo kwa mpagazi ni siku kumi au kumi na mbili. Tena si tambarare. Anaondoka mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, anapanda Mau hadi karibu mita 2,500 ambako usiku huwezi kulala bila moto, kisha anateremka hadi ziwani, mita 1,134, ambako mchana anatafuta mti wowote wenye kivuli. Hizo ni nchi tatu, vyakula vitatu na mavazi mawili, ndani ya wiki mbili. Ufalme wa ukubwa huo unatosha riwaya kadhaa. Huhitaji bara zima.

Maji yanakwenda wapi

Tuanze na Kasoko. Simama kwenye ukingo wa kasoko la Menengai, mita 2,278. Upande mmoja chini yako kuna shimo la kilomita 12 kwa 8 hivi, limejaa mawe meusi ya volkano na vichaka, huku mvuke ukifuka hapa na pale. Upande wa pili kuna mji, na baada ya mji kuna ziwa. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaingia, jua linakausha, magadi yanabaki. Kwa mbunifu wa ufalme hii ndiyo habari kubwa kuliko hata kasoko lenyewe: kinachoingia hakitoki. Pande zote mbili za bonde kuna kuta za Bonde la Ufa. Njia za kutoka ni kusini kuelekea Naivasha, kaskazini kuelekea Baringo, au kupanda Mau kwa jasho. Kwa macho ya haraka, mfalme wa Kasoko ana kazi rahisi. Anaweka walinzi kwenye njia chache, basi.

Lakini ana kiu. Maji ya ziwa hayanyweki. Watu hunywa mito ya kutoka Mau na visima, na anayeshika msitu wa juu ndiye anayeshika shingo ya mji wa chini, hata kama hana taji. Visima navyo vina mambo yake. Maji mengi ya chini ya ardhi ya bonde hili yana floridi nyingi, na mtoto aliyekua akiyanywa hupata madoa ya kahawia kwenye meno. Fikiria jasusi aliyejifunza lugha ya adui, mavazi yake na nyimbo zake, akafungua kinywa kucheka. Huko Eburru, kusini kidogo, watu wamezoea kukinga mvuke unaotoka ardhini na kuupooza uwe maji ya kunywa. Kijiji kinachokunywa pumzi ya mlima kipo tayari. Wewe ongeza tu kinachopumua.

Halafu kuna jambo ambalo wachora ramani husahau: ukingo wa maji unatembea. Tangu mwaka 2010 hivi, Ziwa Nakuru limepanda, likameza barabara, lango kuu la zamani la mbuga na makazi ya watu wa karibu. Katika ufalme wa kubuni, hapo una mgogoro wa kisheria ambao hauhitaji hata mshale mmoja. Daftari la kodi linasema shamba la mama huyu lina ekari mbili. Shamba liko chini ya maji na heroe wanatembea juu yake. Je, analipa kodi? Na ziwa likirudi nyuma baada ya vizazi viwili, ile ardhi ni ya nani?

Ghuba ni kinyume. Maji yana njia ya kutoka, ila ni nyembamba. Ghuba ya Winam imeungana na ziwa kubwa kupitia mlango wa maji baina ya Rusinga na rasi ya Uyoma. Hapa askari hamsini wenye mitumbwi wanatosha. Wakikaa hapo, Kisumu hailetewi kitu kwa maji kutoka nje, wala haipeleki. Lakini nje ya mlango huo kuna ziwa la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, na ziwa hilo nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, unapoanzia Naili. Mfalme wa Ghuba ana ufunguo wa chumba, na jirani yake ana ufunguo wa nyumba. Nani anamheshimu nani? Diplomasia yako yote imo humo.

Kufunga maji huku si ndoto. Katika miaka ya 1980 lilijengwa tuta la barabara kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga, likaziba mkondo mdogo uliokuwa ukipita hapo. Watu wa kisiwani walifurahia gari kufika, ila maji yakakosa kupita, na miaka mingi baadaye ikabidi lijengwe daraja ili mkondo ufunguke. Geuza hayo yawe hadithi: mfalme mwema anajenga tuta ili wagonjwa wafike kwa mganga, na kwa tuta hilohilo anaua uvuvi wa upande wa pili. Hakuna mbaya katika hadithi hiyo, na ndiyo maana inauma.

Kuna na mfungaji asiyetumwa na mtu. Gugu maji lilipoenea ziwani miaka ya 1990, lilikuwa likisukumwa na upepo kama mashamba yanayoelea, likaziba bandari na fukwe za kutua samaki, kisha upepo ukigeuka linahama lenyewe. Mfalme anaweza kupatana na adui mwenye mlango. Na upepo je? Nyuma ya mji, mto Nyando unashuka na udongo mwekundu wa milimani na kuumwaga kwenye uwanda wa Kano, ambao hufurika mvua zikizidi. Anayekata miti juu hamwoni anayezama chini. Nani anadai fidia, na kwa baraza gani? Jioni nayo ina mchezo wake: joto la mchana na upepo wa ziwani hukutana na vilima, mawingu yanasimama, radi inaanza, na Kericho na Nandi wanapata mvua ya mawe mara nyingi kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye mvua hiyo nyingi zaidi duniani. Usiseme "kulikuwa na dhoruba". Sema dhoruba ilitoka upande gani na saa ngapi, maana watu wa Ghuba wanajua.

Mto haufungiki. Nzoia unatoka Elgon na Cherangani, unaruka maporomoko ya Nabuyole pale Webuye, unapita karibu na Mumias, kisha unaingia ziwani Budalangi ambako kila mtu anajua habari za mafuriko. Vivuko ni vingi. Mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, chakula kinaota karibu kila mahali, na mtu asiyempenda mfalme anafunga mzigo, anavuka, analima upande wa pili. Ukitaka mwitu mzito upo: msitu wa Kakamega, kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo. Ukitaka maajabu, panda Elgon, mlima wa mita 4,321 ambao umekaa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Mapangoni humo ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakakwangua kuta kwa pembe ili wale chumvi. Mgodi wa chumvi unaochimbwa na wanyama wasiolipwa mshahara, na binadamu wanaokuja asubuhi kuokota mabaki. Sijui kwa nini bado tunaazima mapango ya watu wengine.

Nani anatawala, na kwa nini anakubaliwa

Hapa ndipo nchi hizi tatu zinaachana kabisa, na ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi.

Mto una mfano hai wa ufalme. Wanga, watu wa Mumias, walikuwa na mfalme aliyeitwa Nabongo, na ndio wanaotajwa mara nyingi kila inapoulizwa kama nchi ambayo leo ni Kenya iliwahi kuwa na ufalme wenye kiti kimoja. Nabongo Mumia alishika kiti mapema miaka ya 1880 akafa mwaka 1949. Fikiria urefu huo. Aliwaona wafanyabiashara wa pwani wakija na vitambaa na bunduki kutafuta pembe za ndovu. Alimwona mpelelezi Joseph Thomson mwaka 1883, na Askofu Hannington akipita mwaka 1885 kuelekea Busoga alikouawa. Akauona utawala wa Waingereza ukiingia, reli ikipita mbali naye, na vita viwili vya dunia. Ukitafuta mhusika mmoja wa kubeba riwaya nzima ya siasa, umbo lake ni hilo. Usimchukue Mumia mwenyewe. Chukua umri wake na idadi ya wageni aliowapokea.

Alitawalaje nchi isiyofungika? Hakufunga, alifungua. Mji wake ulikuwa mahali pa msafara kupumzika, kununua chakula na kupata habari za njia. Mgeni mwenye bunduki alikaribishwa kwanza, akahesabiwa baadaye. Alikuwa na wapiganaji wa Kimaasai waliokaa chini yake na kupigana upande wake. Majirani hawakumtii kwa sababu tu alikuwa Nabongo. Ugenya walipigana naye, na Wabukusu walikuwa na kuta zao. Ndipo Waingereza wakaja, naye akawaona kama wageni wengine wenye nguvu wa kutumia. Mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu, na ndugu zake wakapelekwa kuwa machifu katika nchi za majirani ambao hawakuwahi kuwa chini ya Wanga. Uchungu wa jambo hilo ulidumu miaka mingi kuliko faida yake.

Kwa mbunifu, somo la uundaji ni hili: mfalme wa Mto ana nguvu sawa na orodha ya wageni wake. Msomaji akikuuliza "kwa nini wasimpindue?", jibu liko kwenye ua wake: ni nani amelala hapo usiku huu. Serikali ya Mto basi iwe na ofisi zinazohusu ukarimu: anayepokea wageni, anayegawa nyama, anayejua lugha, anayeshika rehani, anayepanga ndoa. Mkuu wa majeshi awe mtu wa nne au wa tano kwa cheo. Ukimweka wa kwanza, umeandika nchi nyingine.

Kasoko nina maoni makali juu yake: usiweke mfalme. Najua nilisema njia za kutoka ni chache na zinafungika, na karatasini ni kweli. Lakini utajiri wa bonde hili kwa muda mrefu ulikuwa na miguu minne. Mkokoteni unahitaji njia. Ng'ombe anavuka ukingo usiku na mchungaji wake mmoja, asubuhi walinzi wako wanalinda kwato. Ndiyo maana watu wa Bonde la Ufa na milima ya kando yake walijipanga kwa namna nyingine, na inafaa hadithi kuliko taji lolote.

Wachukue Wanandi, magharibi ya hapa. Mashauri ya kila siku yalikatwa na wazee wa kokwet, baraza la ujirani. Orkoiyot alikuwa mtabiri mwenye baraka ya vita, aliyeogopwa sana, lakini hakuwa mfalme wa kukusanya kodi na kupanga masoko. Koitalel arap Samoei aliyeuawa na Waingereza tarehe 19 Oktoba 1905 alikuwa wa daraja hilo. Na juu ya yote kulikuwa na marika, yaani makundi ya waliopita jando pamoja: majina saba yanayozunguka, kila rika likishika uzito wa nchi kwa miaka kama kumi na mitano kabla ya kuliachia linalofuata. Wabukusu nao wana mzunguko wao wa majina manane, ambao huchukua karibu karne moja kukamilika, na jando lao hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili.

Sasa rudi kwenye swali langu. Kasoko inafunga nini? Inafunga rika. Kuna siku mlango wa umri unafungwa, na kijana aliyechelewa kwa mwezi mmoja anangoja miaka mingi huku wenzake wa utotoni wakiitwa watu wazima. Kuna siku wazee waliozoea kusikilizwa wanatakiwa kukaa kimya na kuwaachia wadogo nchi. Hiyo ni siasa isiyohitaji mauaji wala mtoto haramu wa mfalme. Na kwa sababu majina yanarudi, mtabiri wako anaweza kusema kwa uzito kabisa kwamba rika la jina fulani lilipotawala mara ya mwisho ziwa lilikauka, na sasa ndilo linaingia tena. Watu wote wanahesabu vidole.

Kwa damu na hofu, bonde lina simulizi zake. Vita vya Wamaasai wao kwa wao katika karne ya 19 vimeacha masimulizi kwamba wapiganaji walioshindwa walitupwa ndani ya Menengai, na moshi unaoonekana ni roho zao. Tumia umbo lake, lakini badilisha majina. Na hapa naongeza neno kwa wenzangu wa Nakuru: mipaka ya falme zako isifuate makabila. Msomaji wa huku atasoma kampeni ya uchaguzi badala ya hadithi yako. Ifuate maji, maji hayapigi kura.

Ghuba iko katikati. Wajaluo walikuwa na ruoth, yaani kiongozi, katika kila piny, yaani eneo lenye utawala wake, na ruoth alikaa na wazee wa koo. Hakuwa na amri juu ya ruoth wa ng'ambo. Kwa hiyo ukiitumia Ghuba, jenga shirikisho la fukwe na visiwa, lenye mkuu mmoja ambaye kazi yake kubwa ni forodha kwenye mlango wa maji. Mapato yake yanafuata mwezi. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukijaa samaki hawafuati taa, wavuvi wanashona nyavu. Hazina ya serikali inajaa mwezi ukiwa mwembamba na inakauka ukiwa mpevu. Adui mwenye akili anadai deni lake usiku wa mwezi mpevu.

Na usisahau Migingo. Jiwe lisilofika hata nusu ya uwanja wa mpira, limejaa mabati hadi ukingoni, na Kenya na Uganda wamevutana juu yake kwa sababu ya samaki aina ya mbuta walio kwenye maji yanayolizunguka. Kila Ghuba ya kubuni inahitaji Migingo yake. Mahali padogo kiasi kwamba mwamba hauwezi kulisha mbuzi mmoja, na mabalozi wamelala huko miezi.

Miji

Miji nitaipita haraka zaidi, kwa kuwa ukishajua maji na utawala, miji inajichora.

Kwa kuta, nenda Thimlich Ohinga, Migori, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta za mawe makavu, hakuna udongo wala saruji ya kushikanisha, zimefika mita 4.2 sehemu nyingine, na zimesimama tangu karibu karne ya 16. Ndani kuna nyua ndani ya nyua. Mji wa namna hii hauna barabara kuu iliyonyooka hadi ikulu, na mchezaji wako wa mezani asiruhusiwe kukimbia moja kwa moja hadi kwa mfalme. Upande wa Mto, Wabukusu walitumia ukuta wa udongo na handaki. Chetambe, karibu na Webuye, ilishambuliwa na majeshi ya Waingereza na washirika wao mwaka 1895. Udongo unafaa pale mvua ni nyingi na mawe ni ya kutafuta, lakini unadai kazi kila mwaka. Mji wa udongo unahitaji watu wengi wanaokubaliana. Mji wa mawe unahitaji tu kwamba babu zao walikubaliana.

Kasoko usiipe mji mkubwa mmoja. Mpe mtu wa Kasoko vituo: chemchemi, soko la chumvi na magadi, mahali pa kesha la marika, na kilima cha kale ambacho hakuna anayejua nani alikikalia. Hyrax Hill iko hapo hapo Nakuru kukupa wazo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba huko mwaka 1937, na juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa zamani. Nakuru yenyewe ni mtoto wa reli na ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kwa hiyo ukitaka jiji kubwa Kasoko, lifanye jipya, lenye kelele, na lililoletwa na njia ya wageni.

Hilo la njia ni la kuangalia hata kwenye falme nyingine mbili. Reli ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu. Mwaka mmoja kabla yake meli ya mvuke William Mackinnon, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani, ilikuwa imeunganishwa na kushushwa majini hapo. Mumias, iliyokuwa shabaha ya kila msafara, ikabaki pembeni, na baadaye makao ya utawala yakahamia Kakamega. Hakuna aliyeuvamia mji wa mfalme. Walipita tu kwingine. Kama hadithi yako inahitaji anguko la ufalme, hilo ni baya kuliko kuchomwa moto, na msomaji wa Mumias atalielewa bila kuelezwa.

Basi uchague ipi

Kwa mchezo wa mezani, chagua Kasoko. Nchi imezungukwa, wachezaji hawawezi kukutoroka wakaenda kusiko na ramani, maji ni tatizo la kila kikao, na mvuke na magadi vinakupa hatari za asili bila kubuni sana. Ugumu wake ni marika. Wachezaji wote wakiwa wa rika moja mchezo unakwenda vizuri. Wakiwa wa marika tofauti, mwongoza mchezo awe amejipanga, la sivyo nusu ya meza itakuwa inangoja ruhusa ya kusema.

Kwa katuni, na kwa yeyote anayebuni ufalme kwa mara ya kwanza, naipendekeza Ghuba bila kusita. Mlango mmoja wa maji unaeleweka kwa picha moja. Taa za omena usiku, gugu linalosafiri, mawe makubwa yaliyopandana ya Kit Mikayi, visiwa vyenye migogoro: mchoraji hatakosa kazi. Kasoro yake ni kwamba ni tamu mno kwa macho, na waandishi wengi wa Ghuba huishia kuandika machweo kumi na mawili na sera ya forodha hakuna.

Mto ni wa riwaya, na ndio ninaoupenda zaidi, ingawa simshauri mtu aanze nao. Hauna mahali pa kusimamisha askari hamsini. Kila kitu ni mazungumzo, deni, ndoa, kivuko kilichohamishwa na mafuriko, mgeni aliyekaa zaidi ya alivyoalikwa. Mwandishi asiyependa mazungumzo marefu atachoka sura ya tatu, na msomaji atachoka ya pili.

Kuchanganya kunawezekana, lakini si zote tatu. Ghuba na vilima vya juu yake ni jozi nzuri, kwa sababu Nyando tayari imewafunga pamoja: wa juu wana msitu na mvua ya mawe, wa chini wana samaki na mafuriko. Kasoko na Mto haziungani vizuri bila kuvuka Mau na nyanda zote za juu, na safari hiyo itakula kurasa zako.

Ukishachagua, mpangilio wa kuchora usiwe mmoja. Kasoko ichore kwanza kwa kuikata ubavuni, kutoka ukuta wa bonde hadi ukuta wa pili, uone nani yuko juu ya maji ya nani. Ramani ya kutoka angani itakudanganya. Ghuba anza na mlango wa maji na mwelekeo wa upepo wa asubuhi na wa jioni, kisha fukwe. Mto anza na vivuko, uandike karibu na kila kimoja jina la ukoo unaovusha watu na malipo wanayodai. Ikulu utaiweka mwisho, karibu na kivuko chenye malipo nafuu.